SOMO KWA WENYE VYOMBO: NAMNA YA KUCHAGUA MKONO NA TUFE LA KUVUTIA TELA



Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, gari ndogo zenye safu tatu za viti, mfano wa Toyota Noah, zimekuwa vyombo vya kila kazi. Asubuhi hupeleka watoto skuli, mchana hubeba bidhaa, na siku za mapumziko huchukua jamaa kwenda arusini. Wapo pia wananchi wanaozitumia kuvutia tela ndogo zenye boti ya faiba, jenereta au magunia ya mwani. Jambo hilo si baya kwa asili yake. Ubaya huingia pale chombo kinachounganisha gari na tela kinapochaguliwa kwa macho tu, au kwa sababu ndicho kilichopatikana dukani siku ile.

Inafaa ieleweke kwamba tela iliyochomoka ikiwa katika mwendo haina usukani, haina dereva, na mara nyingi haina breki. Huenda popote mteremko unapoipeleka. Pembezoni mwa barabara zetu hupita wanafunzi, wenye baiskeli, kina mama wenye mizigo na wazee wanaotoka msikitini. Kwa hivyo uchaguzi wa kipande cha chuma cha ukubwa wa ngumi ni amana inayohusu roho za watu wasiomjua kabisa mwenye gari. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Makusudio ya somo hili ni kumwezesha mwenye gari kupima mwenyewe na kuchagua kilicho sahihi kabla ya kutoa fedha yake.

1. SEHEMU ZA MUUNGANO

Muungano wa gari na tela una sehemu nne kubwa. Ya kwanza ni fremu ya kuvutia, nayo ni chuma kinachofungwa kwa boliti chini ya gari, nyuma. Fremu za namna ya Kimarekani zina tundu la mraba lililoelekea nyuma. Ya pili ni mkono, yaani chuma cha mraba kinachoingia katika tundu hilo na kuzuiwa kwa pini. Ya tatu ni tufe, chuma cha mviringo kinachokaa juu ya mkono na kufungwa kwa nati chini yake. Ya nne ni kikombe kilichopo mwisho wa shingo ya tela, ambacho hulifunika tufe na kulibana.

Sehemu hizi nne ni mithili ya pete za mnyororo mmoja. Mnyororo haukatiki katika pete nene, bali hukatika katika pete nyembamba kuliko zote. Msingi huu ndio roho ya somo zima, na msomaji akiusahau, hesabu zote zitakazofuata hazitamfaa.

2. UZITO: NI NANI MWENYE KAUKAULI YA MWISHO?

Kila sehemu ya muungano iliyotengenezwa kiwandani huwa imeandikwa uzito wake wa mwisho. Tufe huandikwa juu au ubavuni, mkono huwa na chapa au karatasi iliyobandikwa, na fremu huwa na kibati. Katika vipimo vya Marekani uzito huandikwa kwa ratili. Fremu za daraja la kwanza ni za tela isiyozidi ratili 2,000, sawa na kilo 907, na za daraja la pili ni za ratili 3,500, sawa na kilo 1,588.

Fremu za Ulaya hufuata Kanuni Nambari 55 ya Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Katika vibati vyake huonekana herufi mbili. Herufi S huonyesha kilo ambazo tufe linaruhusiwa kukandamizwa kwenda chini. Herufi D huonyesha nguvu ya mvuto kwa kilonyutoni. Thamani ya D inayohitajika hupatikana kwa kuzidisha tani za gari kwa tani za tela, kisha kugawa kwa jumla ya tani hizo, na mwisho kuzidisha kwa 9.81. Kwa mfano, gari ya tani 2 pamoja na mizigo yake, ikivuta tela ya tani 0.75, inahitaji fremu yenye D isiyopungua 5.4.

Hata hivyo, juu ya maandishi yote hayo kuna maandishi ya gari yenyewe. Gari nyingi za aina tunayoizungumzia hazina chesisi nene iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Aidha, gari iliyotengenezwa kwa ajili ya kubeba watu saba haikukusudiwa kwanza kuwa mvutaji. Kitabu cha gari ndicho chenye kauli juu ya uzito wa tela inaoruhusiwa kuvuta, na mara nyingi hutaja tarakimu mbili: ya tela yenye breki zake na ya tela isiyo na breki. Mwenye gari asichukue tarakimu kubwa akaitumia kwa tela isiyo na breki. Kule Ulaya, tela ndogo isiyo na breki haipaswi kuzidi kilo 750 kwa uzito wa jumla, na gari nyingi ndogo huruhusiwa chini ya hapo.

Ikiwa kitabu hakipo, au kimeandikwa kwa Kijapani, basi kitafutiwe mtu wa kukisoma, au wakala wa gari hizo aulizwe. Kutokuwepo kwa tarakimu si ruhusa. Na ikiwa gari haikuruhusiwa kabisa kuvuta, hakuna mkono wala tufe litakaloigeuza.

3. TUFE NA KIKOMBE LAZIMA VILINGANE

Hapa ndipo makosa mengi yanapoweza kutokea katika visiwa vyetu, na sababu yake ni nyepesi kuielewa. Gari zetu nyingi zimetoka Japani. Tela na boti huweza kutoka Ulaya, zikatoka Marekani, au shingo ikatoka kwengine na magurudumu kwengine, fundi wetu akaviunga. Kila upande una kipimo chake cha tufe.

Ulaya kipimo ni kimoja kwa gari ndogo: milimita 50. Marekani vipo vitatu vinavyotumika sana: inchi 1 na 7/8, sawa na milimita 47.6, inchi 2, sawa na milimita 50.8, na inchi 2 na 5/16, sawa na milimita 58.7. Kikombe nacho huwa kimepigwa chapa ya tufe lake.

Kikombe kikubwa kikiwekwa juu ya tufe dogo huonekana kimekaa sawa, na komeo lake hufunga. Dereva huondoka akiwa na moyo mkunjufu. Gari ikifika kwenye tuta au shimo, kikombe huruka na tela ikabaki peke yake. Kinyume chake, tufe kubwa haliingii katika kikombe kidogo, na kosa hilo hujidhihirisha pale pale. Basi kosa la kuogopwa zaidi ni lile linalofunga vizuri.

Ama tofauti ya milimita 50 na inchi 2 ni ndogo mno, milimita 0.8 tu, nayo huwadanganya hata mafundi. Kikombe cha Ulaya juu ya tufe la inchi 2 huweza kukataa kushuka hadi mwisho, na komeo lisifunge barabara. Kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la milimita 50 hucheza na kugonga. Dawa yake ni kununua tufe la kikombe ulichonacho, au kubadilisha kikombe. Tufe lisipunguzwe kwa tupa wala kikombe kisipigwe nyundo.

Tufe la zamani lipimwe kwa kalipa sehemu mbalimbali. Tufe la milimita 50 likishalika hadi kufikia milimita 49, halifai tena, hata kama linang'ara.

Mguu wa tufe, yaani sehemu yenye hesi, nao una vipimo vyake. Vilivyozoeleka Marekani ni inchi 3/4, inchi 1 na inchi 1 na 1/4. Tundu la mkono lisizidi mguu kwa zaidi ya 1/16 ya inchi. Tundu likiwa pana, tufe hutikisika, nati hulegea, na mwisho mguu hukatika.

4. MKONO: UNENE, KIMO NA UREFU

Baada ya uzito na tufe, sasa tuuchague mkono wenyewe.

Unene. Matundu ya mraba ya fremu za gari ndogo huwa ya inchi 1 na 1/4 au inchi 2. Mkono uingie katika tundu la kipimo chake. Mnunuzi asichanganye inchi 2 za mkono na inchi 2 za tufe. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Kipo pia kipande cha kuunganisha mkono mnene na tundu jembamba. Kipande hicho hakiongezi nguvu ya fremu hata chembe. Bali hurefusha mkono, na kila unaporefuka ndivyo unavyoikamua fremu zaidi. Pini nayo ina kipimo: nusu inchi kwa mkono mwembamba, na 5/8 ya inchi kwa mkono wa inchi 2. Msumari wa nyumba au nondo iliyokatwa si pini.

Kimo. Tela inatakiwa isimame sawa na ardhi inapovutwa. Ikinyanyua shingo, uzito wake hurudi nyuma, nayo huanza kuyumba kama mkia wa tiara. Ikiinamisha shingo kupita kiasi, huikandamiza gari. Kuinama kidogo si kitu, kunyanyuka kuepukwe.

Kupima ni rahisi. Isimamishe gari mahali palipo sawa, ikiwa na watu na mizigo ya kawaida. Pima kutoka ardhini hadi upande wa juu, ndani ya tundu la fremu. Kisha isawazishe tela yenye mzigo wake, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa kikombe. Toa kipimo cha pili katika cha kwanza. Jawabu ndilo kiasi ambacho mkono unatakiwa kushuka, kutoka upande wa juu wa chuma chake cha mraba hadi mahali tufe linapokalia. Kikombe kikiwa juu kuliko fremu, basi unahitajika mkono wa kupanda.

Urefu. Mkono usiwe mrefu kuliko haja. Lakini katika gari za aina hii mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu na unahitaji nafasi, bomba la moshi huwa karibu, na tairi la akiba huweza kuwa chini ya sakafu. Mwenye gari aujaribu mlango tela ikiwa imefungwa. Aidha mkono unaoshuka sana huweza kukwaruza ardhi kwenye mteremko wa pwani au gari inapopanda mlango wa meli.

5. UZITO WA SHINGO

Mwananchi aliyewahi kupakia gari ya ng'ombe hahitaji kufundishwa sana jambo hili. Mzigo ukirundikwa mbele, ng'ombe huelemewa shingoni na magoti hutetemeka. Ukirundikwa nyuma, mti hunyanyuka na ng'ombe hukabwa. Mpakiaji hodari huuweka mzigo juu ya magurudumu, akauzidisha kidogo mbele ili mti utulie. Tela ya gari hufuata kanuni hiyo hiyo.

Marekani hushauri kwamba uzito unaokaa juu ya tufe uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Uingereza hushauri takriban asilimia 7. Tofauti hii isimtatize msomaji. Kanuni ya kufuata ni kuuweka uzito wa shingo wa kutosha kuituliza tela, bila ya kuvuka kikomo cha gari, fremu, mkono wala tufe.

Kwa gari zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Noah nyingi za toleo lililoanza mwaka 2001 huvutwa na magurudumu ya mbele. Tela ikikandamiza sana nyuma, gari hunyanyuka mbele, na magurudumu yale yale yanayovuta, yanayokata kona na yanayofanya kazi kubwa ya breki hupoteza kushika barabara. Katika vilima vya Pemba dereva atalihisi hilo mapema, na akalihisi vibaya zaidi mvua ikinyesha.

Kupima uzito wa shingo hakuhitaji mtambo. Mizani yoyote ya kupimia magunia yafaa, maadamu inafika kilo 100. Isawazishe tela, kaza magurudumu yake kwa magogo, kisha ikalishe shingo juu ya gogo lililosimama juu ya mizani, kimo kiwe sawa na kile cha kuvutwa. Tarakimu inayosomeka, ukitoa uzito wa gogo, ndiyo uzito wa shingo. Uzito huo ni mzigo wa gari pia. Kilo 55 juu ya tufe ni sawa na abiria mmoja aliyekaa mwisho kabisa, na ahesabiwe hivyo.

6. MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano wa mvuvi anayetaka kuvuta boti yake kutoka pwani hadi nyumbani. Tela ina kilo 160, boti 250, mashine 70, petroli 20, nyavu na nanga 50, barafu na samaki 150. Jumla ni kilo 700. Tela haina breki.

Dukani anaoneshwa tufe la kilo 1,588 na mkono wa kilo 907. Fremu yake imeandikwa kilo 750. Muuzaji anamwambia kila kitu kimezidi kilo 700, kwa hivyo aondoke salama. Lakini kitabu cha gari kinasema: tela isiyo na breki, kilo 600, uzito juu ya tufe, kilo 60.

Pete nyembamba imeonekana, nayo ni gari. Kununua tufe nene zaidi hakutasaidia. Mvuvi huyu ana njia mbili: atafute chombo chengine, au apunguze mzigo. Barafu na samaki wakichukuliwa na gari nyengine, tela inabaki na kilo 550. Asilimia 10 yake ni kilo 55, ambazo ziko chini ya kikomo cha kilo 60. Asilimia 15 ingekuwa kilo 82 na nusu, nayo imekatazwa na kitabu.

Ama kimo, gari ikiwa tupu fremu ilikuwa sentimita 46 kutoka ardhini. Ilipopakiwa ilishuka hadi 43. Kikombe kipo sentimita 36. Kwa hivyo mkono unaotakiwa ni wa kushuka sentimita 7. Mkono wa inchi 3 hushuka sentimita 7.6, na utainamisha shingo kidogo tu. Mkono wa inchi 2 ungeinyanyua. Na lau angepima gari tupu, angenunua wa inchi 4, akaikuta tela imeinama njia nzima.

7. KUFUNGA NA KUKAGUA

Tufe likazwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa kiasi kilichotajwa na mtengenezaji, pamoja na washa yake. Mwisho wa hesi uonekane nje ya nati.

Tufe lisichomelewe kwenye mkono, wala mkono usichomelewe kwenye bampa. Moto wa kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma kilichoimarishwa kiwandani, na bampa za gari za leo ni plastiki iliyofunika bati. Fundi anayekubali kazi hiyo hamtendei hisani mteja wake.

Minyororo miwili ya usalama ipitishwe chini ya shingo kwa kupishana, ili tela ikichomoka shingo ikalie minyororo badala ya kuchimba lami. Isiburute ardhini, wala isikaze gari inapokata kona. Taa za nyuma, za breki na za kuonyesha kona zijaribiwe kila safari.

Jaribio la mwisho ni hili. Baada ya kufunga komeo na kutia pini yake, weka jeki chini ya shingo ya tela na uinyanyue kidogo. Nyuma ya gari inyanyuke pamoja nayo. Kikombe kikipanda peke yake na kuliacha tufe, safari hiyo isianze.

Baada ya mwendo mfupi wa mwanzo, dereva asimame na kukagua upya nati, pini na komeo. Tela za boti zioshwe kwa maji matamu kila zitokapo baharini, kwani chumvi hula hesi na beringi kimyakimya.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Tela ina kilo 500. Asilimia 10 ya uzito wa shingo ni kilo ngapi?
(b) Fremu ipo sentimita 40 kutoka ardhini, na kikombe sentimita 45. Mkono wa kushuka au wa kupanda, na kwa kiasi gani?
(c) Tufe limeandikwa kilo 1,588, fremu kilo 907, gari kilo 450. Tela nzito inayoruhusiwa ni kilo ngapi?
(d) Kikombe cha inchi 2 na 5/16 kimefungwa juu ya tufe la inchi 2, na komeo limekubali. Je, safari iendelee?

Majibu: (a) Kilo 50. (b) Wa kupanda, sentimita 5. (c) Kilo 450. (d) Hapana.

Wananchi wanakumbushwa kwamba kabla ya kufunga fremu ya kuvutia, waulize ofisi zinazohusika na ukaguzi wa vyombo vya moto juu ya masharti yaliyopo, na wawaarifu wakala wao wa bima. Gharama ya kuuliza ni ndogo. Mwenye futi ya kupimia, mizani ya magunia na subira ya nusu saa ana kila anachohitaji ili tela yake ifike pamoja naye.